Kichwa kimetulia, kwa nini mama apasuliwe haraka?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 52, tunaishi Igombe. Juzi alikuwa anaanika dagaa, ghafla kichwa kikamuuma kuliko alivyowahi kuumwa, akatapika, shingo ikakaza. Hospitali ya Bugando, picha ya CT imeonyesha damu kuzunguka ubongo, na mshipa wa kati upande wa kulia umetuna, milimita 7. Sasa anaongea, anakunywa uji. Tunaweza kumrudisha nyumbani hadi mwisho wa mwezi tujichange? Na hiyo klipu wanayosema wataubania mshipa inabaki kichwani?

Jibu: Marahaba, na pole sana. Msimrudishe, nakusihi.

Sehemu ya mshipa iliyotuna ni kama puto. Ilipotoboka, damu iliganda ikaziba tundu. Kizibo hicho ndicho kinachompa nafuu, nacho huyeyuka. Hatari ya kuvuja tena ni kubwa zaidi saa 24 za kwanza, na mvujo wa pili huua kuliko wa kwanza. Kwa hiyo puto hilo huzibwa mapema, ikiwezekana ndani ya siku tatu.

Mpasuaji hukata ngozi nyuma ya mstari wa nywele, hutoa kipande cha fuvu, kisha chini ya hadubini hutenganisha utando wa bonde lililo ubavuni mwa ubongo mpaka aione shingo ya puto, yaani pale linapoungana na mshipa. Mara nyingi huubana kwanza mshipa wenyewe kwa klipu ya muda, dakika chache tu, puto lilegee. Ndipo huweka klipu ya kudumu kwenye shingo hiyo ya puto, mithili ya kibanio cha nguo kidogo mno. Ikibana na tawi la jirani, mama anaweza kupooza. Ikiacha sehemu ya shingo, puto linaweza kukua tena. Ndiyo maana mtiririko wa damu hupimwa kabla ya kufunga fuvu.

Ndiyo, inabaki maisha yote. Ombeni aina yake iandikwe kwenye karatasi za kuruhusiwa: za titani huruhusu MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku), baadhi ya zile za zamani haziruhusu.

Kuna pia koili, nyuzi laini za platini zinazojikunja ndani ya puto, zinazopitishwa kwenye mshipa wa paja. Maputo mengi huzibwa vizuri hivyo, lakini puto la mshipa wa kati mara nyingi huota penye njia panda ya matawi, na hapo klipu hufaa zaidi.

Dawa ya nimodipini hutolewa miligramu 60 kila saa 4, siku 21, usiku pia. Presha ikishuka, daktari hupunguza dozi. Haizuii kuvuja. Inaulinda ubongo mishipa inaposinyaa, siku ya 4 hadi ya 14. Siku hizo mkono ukilegea au akianza kuchanganya maneno, mwite muuguzi papo hapo, hata kama upasuaji ulikwenda vizuri. Asipewe aspirini wala diklofenaki ya dukani, na asijikamue chooni.

Kuhusu fedha, nendeni leo ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini, mama akiwa bado wodini.