Seva ya Shule: Tuiweke Ofisini au Tukodi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Njombe na nimekabidhiwa TEHAMA ya shule. Tovuti yetu iko kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta ya kampuni inayohifadhi tovuti na kuwatumia wasomaji kurasa zake, na kila mwaka bodi huuliza kwa nini tunalipia wakati stoo kuna kompyuta ya mezani iliyo nzima na ofisini kuna intaneti. Wazazi huitegemea tovuti hiyo hasa siku tunapotoa matokeo ya mitihani ya ndani. Je, tuendelee kukodi au tuiendeshe wenyewe?

JIBU: Mwalimu, ushauri wangu ni kwamba tovuti inayosomwa na wazazi ibaki kwenye seva ya kukodi, na ile kompyuta ya stoo ipewe kazi nyingine nitakayoieleza.

Anzeni kwa kuitazama laini yenu ya intaneti. Vifurushi vingi hutoa kasi kubwa ya kupakua na kasi ndogo ya kupakia, na seva huitegemea hiyo ya kupakia, kwa kuwa kazi yake ni kutuma. Tuseme ukurasa wa matokeo una megabaiti 2, na wazazi 300 wanaufungua kwa pamoja mara tangazo linapofika kwenye kundi la WhatsApp. Hizo ni megabaiti 600, yaani megabiti 4,800 kwa kuwa baiti moja ni biti 8, na kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde zitachukua dakika 16, tena kama hakuna mtu mwingine ofisini anayetumia laini hiyo. Wazazi wengi watachoka kusubiri na kuanza kumpigia simu mwalimu wa darasa. Isitoshe, ikiwa mnatumia intaneti ya laini ya simu, huenda seva isifikike kabisa kutoka nje. Anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, za mfumo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima na hazitoshi, hivyo kampuni nyingi za simu huwachanganya wateja wengi kwenye anwani moja, na ombi linalotoka nje halina namna ya kujua liingie kwa nani. Anwani ya pekee na ya kudumu kwa kawaida hulipiwa.

Umeme nao una hesabu yake. Kompyuta inayokula wati 80 usiku na mchana hutumia karibu uniti 58 kwa siku 30. Zidisheni kwa bei yenu ya LUKU, kisha mlinganishe na ada mnayolipa sasa. Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni umeme kukatika. Niliwahi kuendesha tovuti ya chama kimoja cha ushirika kwenye kompyuta iliyokaa chini ya meza yangu ya ofisini. Umeme ulikatika Ijumaa usiku na kurudi baada ya saa moja, lakini tovuti haikurudi hadi Jumatatu asubuhi, nilipowasha skrini na kukuta kompyuta imesimama kwenye maandishi meupe, ikisema kwamba haioni kibodi na kunitaka nibonyeze F1 ili iendelee. Kibodi nilikuwa nimeichomoa wiki iliyotangulia ili itumike kwingine. Wanachama waliotafuta ratiba ya mkutano wa Jumapili hawakuipata, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Pamoja na hayo, anayekodi naye bado ana wajibu wake. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza data zao moja kwa moja kwa kuwa hawakuwa na nakala mahali pengine. Kwa hiyo kila wiki pakueni nakala ya tovuti na kuihifadhi shuleni, na angalau mara moja kwa muhula jaribuni kuirejesha, maana nakala isiyowahi kujaribiwa haiaminiki. Jina la kikoa, yaani anwani ambayo wazazi huiandika kuifungua tovuti, lisajiliwe kwa jina la shule, kamwe lisiwe la fundi, na nywila zake zitunzwe na mkuu wa shule.

Chagueni pia mahali seva ilipo. Mwezi Mei 2024, mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani. Seva iliyoko Dar es Salaam, kwa kampuni iliyojiunga na TIX, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti nchini, inaweza kumfikia mzazi bila data kuvuka bahari, mradi kampuni yake ya simu nayo imeunganishwa hapo. Kuna na sheria: alama za wanafunzi ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi.

Sasa ile kompyuta ya stoo. Iwekeeni programu ya bure ya Kiwix, mpakue Wikipedia ya Kiswahili mara moja, kisha muiunganishe na ruta ya maktaba. Wanafunzi wataisoma bila kifurushi, hata siku ambayo intaneti haipo. Kabla ya kuifungia kabatini, ingieni kwenye mipangilio yake ya kuwakia, muiamuru ijiwashe yenyewe umeme unaporudi na isisimame kwa kukosa kibodi, halafu chomoeni waya wa umeme na kuurudisha mkiwa mmesimama pale pale mnaitazama.