Niliacha kusoma Biblia kwa orodha ya namba

Nyuma ya daftari langu la mahubiri kulikuwa na kurasa mbili zilizojaa namba. 5 neema, 8 mwanzo mpya, 12 utawala, 13 uasi. Nikikutana na namba kwenye mstari nafunua nyuma, maana hii hapa, naendelea. Nilijiona msomi kweli kweli.

Siku moja tukiwa tunajifunza Neno kikundini nikaeleza kwa mbwembwe kwamba 13 ni namba ya uasi, kwa sababu Mwanzo 14:4 inasema wafalme walimtumikia Kedorlaoma miaka 12, na mwaka wa 13 wakaasi. Mama mmoja, ambaye huwa hasemi sana, akafunua kurasa chache mbele na kusoma 17:25: Ishmaeli alikuwa na miaka 13 alipotahiriwa, siku ile ile Ibrahimu alipotii agizo la Mungu. Akaniangalia juu ya miwani. "Hapa kaasi nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Orodha yangu ilikuwa imeokota mstari mmoja na kuufanya sheria.

Sisemi kwamba namba za Maandiko hazina uzito. Zinao, ila siku hizi najiuliza swali moja tu: je, namba hii inanirudisha kwenye kisa kingine? Mfano ninaoupenda ni wa Petro anayeuliza kama asamehe mara saba. Yesu anamjibu, "saba mara sabini", na wengi wetu tunakimbilia kuzidisha tupate 490, kana kwamba kosa la 491 ni ruksa kulipiza. Rudi Mwanzo 4:24. Lameki anawatambia wake zake, Ada na Sila, kwamba ameua mtu aliyemtia jeraha tu, na kwamba kama Kaini atalipiwa kisasi mara saba, yeye atalipiwa mara sabini na saba. Maneno ya Kigiriki aliyoyaandika Mathayo ndiyo yale yale yaliyomo kwenye tafsiri ya kale ya Kigiriki ya mstari huo. Yesu ameuchukua wimbo wa kisasi na kuugeuza kuwa kipimo cha msamaha. Ukiandika "7 ni ukamilifu" ukaishia hapo, umepitwa na utamu wote huo.

Arobaini nayo ni hivyo hivyo. Yesu akiwa nyikani siku 40 anamjibu mjaribu mara tatu, na majibu yote matatu anayatoa Kumbukumbu la Torati, kitabu cha maneno ya Musa kwa watu waliomaliza miaka 40 jangwani. Soma sura ya 6 na ya 8 pamoja na Mathayo 4, uone.

Kuna pia namba za herufi. Kiebrania kilitumia herufi kama tarakimu, na jina Daudi linajumlisha 14. Mathayo anapanga ukoo wa Yesu katika vizazi 14 mara tatu, tena kati ya Yoramu na Uzia anaruka wafalme watatu. Huenda alitaka tulisikie jina hilo. Kwa 666, namba ya mnyama katika Ufunuo, wataalamu wengi huona jina la Kaisari Nero kwa herufi za Kiebrania, na nakala chache za kale zina 616, ambayo hupatikana jina hilo hilo likiandikwa bila herufi moja ya mwisho. Basi usichukue jina la kiongozi usiyempenda ukaanza kulipigia hesabu kwa abjadi yetu. Ukilazimisha, jina lolote litakubali.

Na samaki 153 wa Yohana 21? Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, aliona kwamba ukijumlisha 1 hadi 17 unapata 153, na hesabu ni sahihi. Mimi nimewaacha wawe samaki. Wavuvi waliokesha bila kupata kitu, wakipata, watahesabu mmoja mmoja. Yohana mwenyewe, akishaitaja idadi, anachokimbilia kusema ni kwamba jarife, yaani wavu, halikupasuka.