Wateja Wameongezeka, Bomba Ni Lile Lile

*Mhariri, faiba ilipofika mtaani kwetu tulijiunga nyumba nne tu, na mtandao ulikuwa wa kusifiwa. Sasa waya umefika hadi mtaa wa tatu na kampuni inatangaza redioni jinsi inavyokua katika ukanda huu, lakini kila ifikapo saa mbili usiku taarifa ya habari inakwama na duara linazunguka tu. Je, kampuni ikikua ni lazima mteja wa zamani aumie?*
Msomaji, Tabata Segerea

Si lazima, ingawa hutokea mara nyingi. Fikiria nyumba ya wapangaji kumi wanaotegemea simtanki moja: wote wamelipia maji, na maji yanawatosha kwa kuwa hawaogi kwa wakati mmoja, isipokuwa saa kumi na mbili asubuhi, ambapo wa mwisho kufungua bomba huambulia matone. Mtoa huduma wa intaneti naye huuza uwezo ule ule kwa watu wengi, akitumaini kwamba hawatautumia wote kwa pamoja, na saa mbili usiku ndiyo saa yake ya kuoga.

Hata hivyo, mara nyingi kizuizi hakiko mtaani kwako. Mfumo wa faiba za majumbani unaotumika sana, uitwao GPON, hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kuelekea kwa wateja, na unyuzi mmoja hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Nyumba 64 zenye kifurushi cha megabiti 20, hata zikitumia kila tone kwa pamoja, zingehitaji gigabiti 1.28, yaani nusu tu ya uwezo huo. Kinachobana ni mbele zaidi, kwenye kiasi ambacho kampuni imekinunua kwa jumla katika mkongo wa taifa na mikongo ya baharini, yaani nyaya kuu zinazobeba data nchini na kuvuka bahari, kiasi ambacho huchelewa kuongezwa pale fedha zinapoelekezwa kuvuta nyaya kwenye mitaa mipya. Kwa maoni yangu, idadi ya wateja inayotangazwa redioni ni habari njema kwa wenye hisa, wakati wewe ulipaswa kuambiwa ni lini uwezo huo uliongezwa mara ya mwisho.

Kabla ya kulalamika, pima. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, upime kasi saa kumi alfajiri na tena saa tatu usiku, kwa siku tatu mfululizo, na uandike matokeo. Kasi ikishuka usiku tu, una ushahidi wa kumpelekea mtoa huduma, na asipokujibu, unao wa kuupeleka TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini. Ikiwa kwa waya ni nzuri saa zote lakini bila waya ni mbaya, tatizo liko ndani ya nyumba. Nasema hivi kwa aibu kidogo, kwani mimi mwenyewe niliilaumu kampuni kwa wiki mbili hadi fundi alipokuja, akaitoa ruta nyuma ya friji, akaiweka juu ya kabati na kuondoka bila kufungua hata begi lake.

*Nimelipia 20 lakini nikipakua faili kompyuta inaniandikia 2.5. Naibiwa?*
Msomaji, Mbezi Beach

Huibiwi. Kampuni huhesabu kwa megabiti na kompyuta yako inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gawanya 20 kwa 8.

*Nina duka la jumla Kariakoo. Kampuni moja inanishawishi niihame ile ndogo niliyoizoea kwa sababu yenyewe inahudumia nchi kadhaa. Je, ukubwa huo unanisaidia nini? Pia anwani yangu ya baruapepe ni ya kampuni ndogo, nikihama itakuwaje?*
Msomaji, Kariakoo

Waliotumia intaneti hapa mjini kabla ya mwaka 2009 wanakumbuka madishi juu ya mapaa, kwa kuwa kila ujumbe wa nje ulipanda hadi setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu na kushuka tena. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, kampuni za kikanda zilipata sababu ya kupanuka, nyingine kwa kujenga na nyingine kwa kununua wenyeji. Ndivyo Raha, mojawapo ya kampuni kongwe za intaneti Dar es Salaam, ilivyoingia mikononi mwa Liquid Telecom mwaka 2017.

Faida ya kweli ya kampuni ya namna hiyo ni njia nyingi, si ofisi nyingi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zote ziliharibika, na anayejivunia mikongo miwili akajikuta hana hata mmoja. Kwa hiyo muulize muuzaji huyo, na umwombe ajibu kwa maandishi: data yangu inatoka nchini kwa njia zipi, na je, mojawapo inapita nchi kavu au kwenye mkongo ulio mbali na hiyo miwili? Muulize pia kama wameunganishwa na TIX, kituo cha Dar es Salaam ambapo watoa huduma hubadilishana data papo hapo, kwa maana mifumo iliyohifadhiwa nchini hufikika hata bahari ikikatika. Akianza kukuorodheshea nchi badala ya kujibu, baki ulipo.

Kuhusu anwani, hilo ndilo lingenitia wasiwasi zaidi. Ukiacha kulipia, kampuni ina haki ya kuifunga, na barua za wateja wako zitarudi zilikotoka. Pale Kariakoo bado naona mbao za maduka zenye anwani za watoa huduma ambao hawapo tena kwa majina hayo. Sajili jina lako mwenyewe linaloishia na .tz, liwe kwa jina la duka na si la fundi aliyekusaidia, kisha tumia anwani zote mbili kwa miezi sita, na ndipo umwite mchoraji wa ubao.