Kupunguza au kuacha dawa za skizofrenia: majibu ya maswali yenu

Mwaka mzima sijasikia sauti. Kwa nini nisiache dawa?
Kwa sababu skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, na huenda dawa ndiyo inayozinyamazisha. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia watu 27 kati ya 100 walioendelea na dawa, na 64 kati ya 100 waliopewa dawa bandia, yaani ya kulinganishia tu, isiyo na tiba ndani. Ni kweli wapo waliobaki salama bila dawa, lakini hakuna kipimo cha kuwatambua mapema. Kama kinachokuchosha ni unene, usingizi au kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, mwambie daktari wazi. Kubadilishiwa dawa ni salama kuliko kuacha kimyakimya.

Nimeacha vidonge wiki tatu sasa na najisikia mwepesi. Si nimepona?
Bado mapema. Madhara ya dawa huondoka upesi, ugonjwa huchukua wiki au miezi kurudi. Kwa aliyekuwa akichomwa sindano ya muda mrefu, kipindi hicho hurefuka zaidi, kwani dawa huendelea kutoka kwenye msuli taratibu. Rudi kliniki ukiwa bado mzima.

Daktari amekubali tupunguze haloperidoli, natumia miligramu 8. Nikate nusu kila wiki?
Hapana, hapa ndipo wengi huharibikiwa. Miligramu 2 tu kwa siku hushika zaidi ya nusu ya vipokezi vya dopamini kwenye ubongo, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali hiyo ya ubongo, ambazo dawa huziziba. Kwa hiyo kushuka kutoka 8 hadi 6 hubadilisha kidogo, ila kutoka 2 hadi sifuri ni kuviachia vyote kwa mkupuo. Wataalamu kadhaa hupendekeza kupunguza robo ya dozi *unayotumia wakati huo*, kisha kutulia miezi 3 hadi 6: 8, 6, 4.5, na kuendelea. Huko mwishoni hatua huwa ndogo mno kwa kidonge, na dawa ya maji husaidia. Vidonge vinavyotoa dawa polepole visikatwe kamwe. Hata hivyo, hatari haiishi: katika jaribio la Uingereza lililochapishwa 2023, miaka miwili baadaye 25 kati ya 100 waliopunguza taratibu walikuwa wameugua tena vikali, dhidi ya 13 waliobaki na dozi yao.

Kaka yangu amekosa klozapini siku tatu. Ameze dozi yake ya kawaida?
Asimeze! Zikipita zaidi ya saa 48, mwili hupoteza uzoefu wa dawa. Dozi kamili yaweza kushusha presha hadi azimie. Huanzishwa upya kwa miligramu 12.5, mara moja au mbili siku ya kwanza, chini ya daktari. Mpigieni leo hii, maana klozapini ikikatika ghafla huleta jasho, kutapika, kuharisha, na pengine wazimu mkali ndani ya siku chache.

Tutajuaje kwamba ugonjwa unamrudia mgonjwa?
Kwanza usingizi: usiku mbili tatu bila kulala vizuri. Kisha kujitenga, kushuku majirani, kunong'ona peke yake. Kila mgonjwa ana dalili zake, ziandikeni pamoja naye kabla ya kupunguza chochote. Zikitokea, daktari huweza kumrudisha kwenye dozi ya mwisho iliyomtuliza. Akitaja kujiua, au sauti zikimwamuru amdhuru mtu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na msimwache peke yake.