Jibu: Mume wangu alitoka kwa manazi mamboleo, sasa shemeji yangu anaingia

Pole sana dada. Umeuliza mumeo amwokoeje mdogo wake wa miaka 16 huko Ujerumani kutoka kwa manazi mamboleo, yaani wabaguzi wa rangi wanaofuata itikadi ya Hitler. Kwanza asimhubirie. Wapigieni EXIT-Deutschland, shirika la Ujerumani lililopo tangu mwaka 2000, husaidia wanaotoka kwenye makundi hayo na familia zao pia. Hawa mwaka 2011 walipenyeza kwa siri fulana 250 zenye fuvu na bendera, zikagawiwa bure kwenye tamasha la manazi mjini Gera. Zilipofuliwa picha ikafutika, yakatokea maneno: fulana yako imeweza, nawe unaweza. Kijana husikia lugha kama hiyo! Mumeo amsimulie wenzake walivyomgeuka alipotaka kutoka, tena amchukue mara kwa mara, hata mpirani, maana makundi haya huwawinda wapweke. Nawe usikubali kufanywa mfano wa kumfundishia kijana huyo. Akikutusi, inuka mezani, mumeo amkabili.