Maswali na Majibu: Skana ya Polisi Ndani ya Gari

Safari hii nimekusanya maswali ya madereva wanaozungumza Kiswahili huku Marekani, wengi wao wa malori na teksi, kuhusu burudani ya kusikiliza redio za polisi na zimamoto wakiwa barabarani kwa skana, yaani kipokezi kinachonasa masafa yao. Ni burudani ninayoipenda na nimeishi nayo miaka mingi hapa Ohio, kwa hiyo nitajibu kama mtu ambaye hangependa kuona msomaji akiipoteza, pamoja na leseni yake, kwa sababu ya jambo ambalo angeweza kulijua mapema.

Shikamoo mzee. Ninaishi Louisville na nyumbani ninayo skana inayonisaidia kupitisha usiku. Je, naweza kuiweka kwenye gari ninapokwenda kazini? (Msomaji, Kentucky)

Marahaba. Usiiweke, angalau kwa sasa. Sheria ya nchi nzima iliyotungwa mwaka 1986 inaruhusu mtu yeyote kusikiliza mawasiliano ya polisi na zimamoto yanayorushwa wazi, na inakataza kusikiliza simu za mkononi na mawasiliano yaliyofungwa kwa siri. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba kinachoruhusiwa sebuleni kinaruhusiwa pia kwenye usukani, lakini majimbo yana sheria zao, na baadhi yake huliangalia gari kwa jicho jingine kabisa. Kentucky, Indiana, Florida na New York ni miongoni mwa yale yanayozuia kuwa na redio yenye uwezo wa kupokea masafa ya polisi ndani ya gari, isipokuwa kwa watu waliotajwa katika sheria. Kuizima na kuifunga kwenye buti si kinga, kwa sababu huko Kentucky kosa ni kuwa nacho chombo chenyewe garini, hata kama hakitoi sauti.

Fikiria dereva anayetoka Cincinnati kuelekea kusini. Akimaliza kuvuka daraja la Brent Spence juu ya Mto Ohio, ameingia Kentucky, na skana ileile iliyokuwa kwenye dashibodi yake dakika mbili zilizopita sasa inaweza kumfikisha mahakamani. Hakuna bango darajani linalomwambia hivyo. Ndiyo maana kabla ya safari mpya mimi husoma sheria ya kila jimbo nitakalolipita, na ninakusihi ufanye hivyo, kwa sababu sheria hizi hubadilika na jibu langu la leo haliwezi kuchukua nafasi ya maandishi yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu. Hata pale ambapo skana inaruhusiwa garini, majimbo kadhaa, California ikiwa mojawapo, yanaifanya kuwa kosa la ziada kusikiliza polisi kwa lengo la kutenda uhalifu au kuwakwepa.

Nimesikia kwamba mwenye leseni ya redio za ridhaa, zile za watu wanaowasiliana kwa redio kama burudani, anaruhusiwa. Mimi si raia. Je, naweza kuipata? (Dereva wa lori, Indianapolis)

Ndiyo, ndugu yangu, na hii ndiyo njia ninayowapendekezea wote wenye nia ya kweli. Majimbo yote manne niliyoyataja yana msamaha kwa wenye leseni hiyo, ambayo hutolewa na tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC. Uraia si sharti. Wanaozuiwa ni wawakilishi wa serikali za kigeni. Mtihani wa daraja la kwanza una maswali 35, na unafaulu ukipata 26. Maswali yote yanayoweza kuulizwa, pamoja na majibu yake, huchapishwa mapema, kwa hiyo anayesoma kwa bidii hana sababu ya kuogopa, ingawa Kiingereza cha mtihani ni cha kiufundi kidogo. Ule mtihani wa Morse, alama za milio mifupi na mirefu, uliondolewa mwaka 2007. Ada ya FCC ni dola 35, na leseni hudumu miaka 10.

Weka nakala ya leseni garini, na usome msamaha wa jimbo lako neno kwa neno, kwa sababu mengine yanauwekea masharti. Askari aliyekusimamisha usiku hana wajibu wa kukisia kwamba umefaulu mtihani.

Nilinunua skana iliyotumika, nzuri kabisa, lakini hapa Denver nasikia ukimya mtupu. Muuzaji amenitapeli? (Msomaji, Colorado)

Huenda hakukutapeli. Polisi wa Denver walifunga mawasiliano yao kwa usimbaji mwaka 2019, na hakuna skana inayouzwa dukani itakayoyafungua. Hata kujaribu kuyafungua ni kosa. Chicago nao wamefunga, wakabakiza matangazo yanayotolewa kwa umma yakiwa yamechelewa dakika 30, na New York walianza kufunga masafa ya polisi wa Brooklyn mwaka 2023. Sababu inayotolewa ina uzito: anayesikiliza anaweza kusikia tarehe ya kuzaliwa ya mtu, namba ya leseni yake, hata ugonjwa wake. Hata hivyo naamini ni kosa kufunga kila kitu. Mkazi anayesikia helikopta juu ya paa lake usiku ana haki ya kujua kinachoendelea mtaani kwake, na waandishi wa habari wamelitegemea sikio hili kwa miongo mingi. Mji ungeweza kuipa taarifa binafsi mkondo wake uliofungwa na kuacha wito wa kawaida wazi.

Kabla ya kuitupa skana yako, hakikisha kama ni ya kidijitali. Idara nyingi kubwa sasa hutumia mfumo uitwao P25, ambao skana ya zamani haiusikii kama maneno bali kama mkwaruzo, mithili ya karatasi ngumu inayofinywa. Zaidi ya hayo, mazungumzo hayakai kwenye masafa mamoja. Kompyuta huyahamisha huku na kule kila mtu anapobonyeza kitufe, na skana isiyojua kufuata huachwa nyuma katikati ya sentensi. Jaribu zimamoto na magari ya wagonjwa, ambao katika miji mingi bado wako wazi.

Mume wangu akisikia jambo kwenye skana hulituma papo hapo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu, pamoja na anwani ya nyumba. Nikimkataza ananiambia ni kuwasaidia watu. Nisaidie. (Mama wa watoto watatu, Ohio)

Dada yangu, uko sahihi, na naomba umsomee shemeji jibu hili. Kinachosemwa kwenye redio hiyo ni taarifa ya kwanza, mara nyingi ya mtu mmoja aliyepiga 911 akiwa amepaniki. Rangi ya gari hubadilika mara tatu kabla askari hajafika. Mwezi Aprili 2013, wakati wa msako uliofuata milipuko ya Boston, watu waliokuwa wakisikiliza walisambaza mitandaoni majina ya wasiohusika kabisa, na polisi walilazimika kuomba umma usitangaze mahali askari walipo. Familia za waliotajwa ndizo zilizobeba mzigo huo.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 705 cha Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 kinaweka mipaka ya kumwambia mwingine au kujinufaisha kwa mawasiliano ya redio ambayo hukutumiwa wewe. Madereva wa teksi walizingatie hili: mfano mmojawapo unaotolewa na FCC yenyewe ni wa kampuni ya teksi inayosikiliza redio ya mshindani ili kuwahi abiria wake. Kuhusu anwani, mimi nina msimamo mmoja. Nyuma ya anwani hiyo yupo mama anayefanyiwa huduma ya kwanza sakafuni au kijana aliyejaribu kujidhuru, na hakuna jirani anayestahili kulisoma hilo kabla ya ndugu zake.

Naweza kumtumia kaka yangu skana Dar es Salaam? (Msomaji, Texas)

Hapana. Tanzania inataka vifaa vya redio vipitie TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, na sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila idhini.

Nimezuiwa skana na kampuni yangu, na kazi yangu inapita majimbo kumi. Nibaki na nini cha kusikiliza kinachohusu barabara? (Dereva wa lori)

Kwanza, usiihamishie kiu hiyo kwenye simu. Programu za simu hupitisha sauti kwa intaneti na huchelewa, wala usidhani zinakuvusha salama kwenye majimbo yenye katazo. Tena dereva wa lori anayeshika simu mkononi anakabiliwa na faini ya serikali kuu inayoweza kufika maelfu ya dola. Kifaa cha kutambua rada za polisi pia kimepigwa marufuku kwenye malori nchi nzima. Na usizibe masikio yote mawili kwa hedifoni, jambo ambalo California, kwa mfano, inalikataza.

Chukua redio ya CB, ile ya kuzungumza na madereva wenzako, isiyohitaji leseni, uiweke kwenye chaneli 19. Usiku mmoja wa theluji, kwenye barabara ya I-71, sauti nzito ilisema njia ya kushoto imezibwa na trela lililojikunja baada ya mteremko, kisha mwingine akaitikia na kutaja kibao cha maili. Nilipunguza mwendo kabla ya kuona taa yoyote. Antena iwe juu ya paa au kwenye kioo cha pembeni, mahali pasipozuiwa na bodi ya lori, na sauti uiweke kabla ya kuondoka. Ongeza redio ndogo ya hali ya hewa inayopokea mikondo saba ya NOAA, shirika la serikali ya Marekani linalohusika na hali ya hewa, kati ya megahezi 162.400 na 162.550. Itakuambia kuhusu kimbunga au barafu katika wilaya unayoingia, saa yoyote ya usiku.