Kukodi paneli za sola au kununua?

Ndugu, umeuliza kama ukodi au ununue paneli za sola za nyumba yako ya Texas. Kama huna hakika utakaa hapo hata miaka kumi, usikodi. Mikataba ya kukodi paneli Marekani mara nyingi ni ya miaka 20 hadi 25. Ukiuza nyumba, mnunuzi akubali kuuchukua mkataba na kampuni imkubali, la sivyo ni juu yako kuumaliza. Tafuta pia kifungu cha ongezeko la malipo la kila mwaka: likiwa 2.9%, dola 100 kwa mwezi zinafika kama 172 mwaka wa 20, bei ya umeme wa gridi ipande isipande. Kweli ukikodi hutoi mtaji, na inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani) ikiharibika kampuni ndiyo inatengeneza. Lakini ukipata mkopo wa riba nafuu, nunua. Paa likiwa limechakaa, libadilishe kwanza.